Msemaji Aliyeongeza Upepo

Jumapili, 3 Novemba

Nimeshinda! Si kwa kishindo, lakini nimeshinda. Mimi, Gatimu, muuza dawa za mifugo hapa Chaka, ndiye msemaji wa familia kwenye ruracio ya Nyawira. Watu wa Ben, mchumba wake, wanakuja kutoka Wang'uru tarehe 16 kuzungumzia mahari. Atakayesimama upande wetu na kuwajibu ni mimi.

Mkutano ulikuwa kwa Wachuka, mamake Nyawira, mjane wa kaka yangu. Wamae alikuja amevaa koti na tai, kama mtu aliyekwisha kuchaguliwa. Huyu Wamae amemwoa dada yangu Ngendo. Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu hadi akastaafu, na bado huongea na watu wazima kana kwamba wamechelewa gwaride. Akasimama, akawakumbusha watu ruracio ya Sophie, dadake Nyawira. Hakukuwa na haja. Wote wanakumbuka. Mgeni alikuwa katikati ya hotuba nami nikauchapa usingizi kwenye kiti cha mbele. Kulala wangenisamehe. Nilikoroma. Mgeni alikatiza maneno yake mara mbili, akageuka kutazama ni lori gani linaloingia uani.

Nikajitetea. Ule ulikuwa ugonjwa! Daktari alinieleza kwamba nikilala koo hujifunga na pumzi hunikatika, nazinduka bila kujua, nalala tena, inanikatika tena. Ndiyo sababu mchana nilikuwa mzoga. Sasa nina mashine. Barakoa puani, mpira mrefu, upepo unasukumwa usiku kucha ili koo lisijifunge. Sisinzii tena, hata mahubiri yakirefushwa. Mke wangu Murugi akathibitisha kwamba sikoromi, ila akalalamika kwamba siku hizi analala na mtu anayefanana na mnyunyizaji wa dawa ya kahawa. Watu wakacheka. Hilo halikuwa la lazima.

Wamae akasema naye ana mashine kama yangu, tena alinitangulia. Ni kweli. Zote zilitoka kwa Bijal, mama mwenye duka la vifaa vya hospitali pale Nyeri mjini.

Ndipo Nyawira akaongea. Akasema anamtaka Anko Gatimu, kwa sababu akifunga macho nikiwa naongea, humsikia babake. Nilitaka kujibu jambo la maana, nikaishia kupenga kamasi. Nampenda sana mtoto huyu. Sitamwaibisha kamwe.

Uamuzi: mimi msemaji, Wamae akae karibu endapo litatokea lolote. Halitatokea lolote!

Jumatatu, 4 Novemba

Uchokozi wa Wamae umeanza kabla ya chai. Mashine hizi hutoa alama kila asubuhi kuonyesha mtu amelala vipi. Wamae amepiga picha alama zake, tisini na nne, akazituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia. Chini yake akaandika: "Discipline." Ngendo akaweka makofi. Wachuka akaweka makofi. Murugi, mke wangu wa ndoa, akaweka makofi!

Mimi nilikuwa na sabini na moja. Sikutuma.

Najua anachofanya. Anataka Nyawira aone kwamba mwenye usingizi bora ndiye mwenye kichwa bora. Mwalimu ni mwalimu; hawezi kuacha kusahihisha watu.

Nimefikiri mchana kutwa nikipima chumvi ya ng'ombe. Hoja yangu ni hii: upepo ndio dawa. Bijal alinipimia upepo kidogo kama alivyoandika daktari. Upepo zaidi, dawa zaidi. Dawa zaidi, alama zaidi. Sioni kasoro.

Jumatano, 6 Novemba

Nimefaulu kuingia ndani ya mashine. Nilitazama video ya Mzungu mmoja mwenye ndevu. Unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, unashikilia, na mipangilio ya daktari yote hii hapa. Nikapandisha upepo. Nikakaza mikanda ya barakoa hadi mashavu yakaja mbele. Murugi aliuliza kama nimevimba.

Usiku ulikuwa mgumu. Upepo ulinijaa tumboni. Ulinitoka mahali kadhaa. Lakini asubuhi: themanini na tisa! Nikatuma picha. Nyawira akaniwekea moyo. Wamae hakuweka hata makofi.

Kuna kajambo kadogo. Masikio yamejifunga, kama unapoteremka kwa gari kutoka huku Kieni hadi Sagana bila kumeza mate. Nimemeza mate. Nimepiga miayo. Nimetafuna muwa. Upande wa kulia umefunguka kidogo, kisha ukajifikiria upya. Yatafunguka yenyewe.

Jumapili, 10 Novemba

Hayajafunguka. Ila leo nina tisini na sita. Tisini na sita! Wamae ana tisini na tano. Alituma bila neno lolote chini, maskini.

Kanisani nilisikia mahubiri kama mtu aliye ndani ya tangi. Baada ya ibada wazee walinizunguka wakiongea. Nikatabasamu nikasema ni sawa kabisa. Njiani Murugi akaniambia, kwa sauti iliyowashtua mbuzi wa watu, kwamba nimekubali kusafisha choo cha kanisa hadi Krismasi. Akaniuliza tangu lini sisikii. Nikajitia hamnazo. Akasogea nyuma yangu akaniita mara kadhaa, na nilipogeuka alikuwa amejishika kiuno.

Nikamweleza ukweli, isipokuwa sehemu ya vitufe. Akasema nimwambie Nyawira, Wamae aongee. Wamae! Nilikataa katakata. Mtoto alinichagua mimi. Nitamwambiaje kwamba nilipokuwa macho sikuwa na masikio?

Jumatatu, 11 Novemba

Nyeri, kwa Bijal. Nilimwambia mashine yake imejipandisha upepo yenyewe. Akaiwasha, akatazama kioo, akanitazama. Alinieleza, nami nikimwangalia midomo, kwamba mashine haina mikono. Mumewe Jagdish, aliyekuwa anapanga mito ya shingo kwenye rafu, alitoka nje ghafla. Nadhani alienda kucheka.

Bijal hakucheka. Alichora pua na sikio kwenye boksi la glavu. Katikati akachora kijimrija. Upepo ukizidi hupita humo, ukasukuma sikio kwa ndani. Akarudisha upepo ulivyokuwa. Akanionya nisiguse tena, nimwone daktari wa masikio, na nisiiache mashine kwa hofu, maana koo nalo litarudi kunikaba. Alimpigia daktari mwenyewe. Nafasi ya karibu ni tarehe 18. Ruracio ni tarehe 16. Nikauliza masikio yatachukua muda gani kufunguka. Akasema huenda siku chache nikiacha utundu.

Nitaacha utundu.

Jumanne, 12 Novemba

Wamae, tisini na saba. Chini yake: "Consistency." Mimi na upepo wa Bijal, sabini na nne.

Nimepandisha tena. Kidogo tu. Zaidi ya mara ya kwanza, lakini kidogo.

Alhamisi, 14 Novemba

Masikio yote mawili sasa yamefunga duka. Nikiongea najisikia mwenyewe ndani ya fuvu, sauti nzito, nzuri kweli. Wengine siwasikii mpaka wapige kelele.

Lakini nina mpango! Kwenye hema tutakaa ana kwa ana, wageni upande huu, sisi upande ule, na akina mama wetu pembeni ninapoweza kuwaona. Murugi atasikiliza kila wanachosema. Akigusa shanga zake, nakubali. Akigusa kilemba, nakataa. Msemaji mzuri hahitaji kusema mengi. Kukataa nako kuna heshima yake: msemaji akikataa, wageni hutoka nje kwenda ndundu, yaani kunong'onezana pembeni, kisha hurudi na jibu jingine. Hakuna anayeshangaa. Ndivyo inavyofanywa.

Murugi hakupenda. Alisema huu ni upuuzi, kwamba ruracio si mahali pa kuchezea, kwamba Nyawira hana baba na hii ni siku moja tu. Nikamwambia ndiyo sababu lazima niwe mimi. Akaosha vikombe vyote. Halafu akagusa shanga.

Jumamosi, 16 Novemba

Naandika kwa sababu sina wa kuongea naye.

Wageni walichelewa. Walisema wamefika Chaka wakati bado wako Sagana wakinunua samaki, jambo la kawaida. Walipofika, akina mama wetu waliwafungia lango kwa nyimbo, kama inavyotakiwa. Niliona midomo na viuno. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha, na baridi ya huku ikawashika watu wa Wang'uru, ambao wamezoea joto la mashamba ya mpunga. Msemaji wao, Mzee Mburu, alikuwa na kofia ya manyoya na koti la mvua. Mtu mzito, mpole.

Kosa la kwanza nililiona mapema nikalipuuza. Murugi alikuwa amefungwa kilemba kipya pale saluni, cha kitambaa kigumu, kirefu kwenda juu kama antena. Kilikuwa kinateleza.

Mburu akasimama akaongea. Nikamtazama Murugi. Mkono kwenye kilemba! Nikasimama, nikakohoa, nikasema kwa sauti yangu nzuri kwamba hayo tumeyasikia lakini hayatoshi, waende wakafikirie. Wageni wakatazamana. Wakatoka wakasimama chini ya mti, mvuani. Wakarudi. Mburu akaongea kwa unyenyekevu zaidi. Mkono kwenye kilemba! Nikawarudisha nje. Upande wetu wazee wakaanza kuninong'onezea na kunipiga begani. Hata Wamae alinitazama kama anavyotazama mwanafunzi aliyepasi kwa njia isiyojulikana. Mburu aliposimama mara ya tatu kila mtu upande wetu alipiga makofi, na vijana wao wakaanza kushusha magunia ya mchele wa Pishori kutoka kwa gari, magunia juu ya magunia, na blanketi, na tangi la maji la Wachuka. Murugi, mkono kwenye kilemba. Nikasema bado haitoshi!

Nilikuwa na furaha, siwezi kuficha. Nilijiona simba wa Kieni. Nilimwona Nyawira kwenye dirisha la nyumba, akisubiri kuitwa, na nikamwinulia kidole gumba. Alikuwa ameshika shavu. Nikadhani ni mshangao.

Waliporudi kutoka mvuani, Mburu akavua kofia. Akaongea kidogo sana. Watu wote wakasimama, wa kwao na wa kwetu, wakainamisha vichwa. Nikadhani wamechoka kukaa, na kwamba wageni wanajiandaa kwenda ndundu bila hata kutumwa. Palikuwa kimya, lakini kwangu palikuwa kimya tangu Alhamisi. Murugi akainama. Kilemba kikaenda mbele. Akakidaka kwa mikono miwili.

Mikono miwili! Nikasema kwa nguvu: "Hiyo haitoshi hata kidogo! Nendeni mkafikirie tena!"

Hakuna aliyetoka. Vichwa viliinuka kimoja kimoja. Wachuka alijifunika uso kwa leso. Nyawira alikuwa ametoka nyumbani, amesimama mlangoni mwa hema kabla hajaitwa, jambo ambalo bibi harusi hafanyi, na uso wake sitausahau. Murugi alinijia, kilemba mkononi, nywele wazi, akanishika sikio akapiga kelele ndani yake.

Mburu alikuwa ameomba dakika moja ya kimya. Kumkumbuka babake Nyawira. Kaka yangu.

Nilitaka ardhi inimeze, lakini ardhi ya hapa ni ngumu. Nilisema samahani. Sijui niliisema kwa sauti gani. Nililia mbele ya watu wa Wang'uru. Murugi akawaeleza yote: mashine, upepo, alama, kilemba. Alijua habari ya vitufe pia! Aliniona siku ya kwanza. Mburu alinitazama, kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Akaja akanishika mkono. Baadaye Ngendo alinieleza kila kitu. Mara ya kwanza Mburu alikuwa anatusalimu tu. Mara ya pili aliomba tujuane majina. Mara ya tatu walikubali kila tulichoomba bila kupunguza, nami nikawarudisha mvuani. Magunia ya ziada waliyatoa kwa hofu kwamba wametukosea.

Wakasimama upya kwa dakika ile. Niliinamisha kichwa kuliko wote. Kisha Wamae akamalizia shughuli. Aliimaliza vizuri, naandika hili bila kulazimishwa. Nyawira aliitwa, akaulizwa kama tule vitu vya watu hawa, yaani kama anaitaka ndoa hii, akakubali. Alimshukuru kila mzee. Aliponifikia akapita.

Jumatatu, 18 Novemba

Nilikuwa nikifunga kiatu niende Nyeri, Nyawira akaja na gari la Ben. Hakusalimia. Akafungua mlango wa mbele, akangoja.

Daktari Lynn ni mdogo kwa umri na hana mzaha. Alinichungulia masikio kwa taa. Yana majimaji kwa ndani, na kiwambo kimevutwa, lakini hakijatoboka. Aliniweka kwenye kijichumba na spika za masikioni, nibonyeze kila nikisikia mlio. Niligundua kwamba kila akitoa mlio bega lake husogea. Nikawa nabonyeza kila likisogea. Nilikuwa nafanya vizuri sana hadi akageuka akanipa mgongo. Nyawira, aliyekuwa nje ya kioo, aliinamisha kichwa magotini. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka! Sijawahi kufurahi hivyo kuchekwa.

Daktari alisema, na Nyawira akarudia kwenye sikio langu la kulia, kwamba masikio kujaa huwapata baadhi ya watumiaji wa mashine, hasa upepo ukiwa mkali. Kama mashine inaweza kudhuru masikio kabisa, waliochunguza hawajakubaliana. Wengine hawakuona madhara yoyote. Pumzi kukatika usiku bila matibabu, hilo nalo linashukiwa kuumiza masikio. Kwa hiyo niendelee kulala nayo, kwa upepo niliopimiwa. Aliyataja maneno hayo ya mwisho akinitazama kama Wamae.

Tulikunywa chai mjini. Nyawira akaniambia, "Anko, mimi sikutaka alama. Nilitaka tu sauti ya Daddy iongee siku hiyo. Sasa iliongea, ikawafukuza." Nikasema samahani tena. Nikasema hata ningerudi kukoroma ingekuwa afadhali. Akasema hapana, nikikoroma nitakufa, na tayari amezika mmoja. Akanishika mkono. Tukakaa hivyo, chai ikapoa.

Masharti yake ya ngurario, siku ya kukata nyama na kukamilisha ndoa, ni haya: nihudhurie, nikae mbele, nisiseme neno. Nikaapa. Nikaapa pia kwamba sitagusa vitufe maishani mwangu.

Jumamosi, 14 Desemba

Ngurario imekwisha. Siku nzuri, jua, mlima ulionekana wote hadi theluji. Masikio yangu yalikuwa yamefunguka kabisa tangu wiki ya kwanza ya mwezi. Nilikuwa nasikia hadi kuku wa jirani akitaga.

Yalikuwa, naandika. Alhamisi Wamae alituma tisini na tisa, na chini yake akaandika: "Ngurario-ready." Mtu angefanyaje? Nilipandisha kidogo tu, usiku wa jana peke yake, kwa heshima ya siku. Nilipata tisini na nane.

Nilikaa mbele. Sikusema neno. Ben alikata bega la mbuzi bila kutetemeka, akalishana nyama na Nyawira, na wote tukapiga makofi. Kisha nyama ikagawiwa kwa desturi, wazee sehemu yao, akina mama yao. Nyawira akatoka na sahani ndogo, akapita mbele ya Wamae, akapita mbele ya wazee wote wa Wang'uru, akaja moja kwa moja kwangu. Masikio ya mbuzi! Akapiga goti, akasema maneno mengi, akinitazama kwa upendo. Sikuyapata vizuri. Hema zima likacheka hadi Mburu akafuta machozi kwa kofia. Nikainama kwa heshima, nikayala palepale.

Najua kwamba kwa kawaida masikio hupewa watoto wa kike, ili wasikie wanapoambiwa na wazazi. Lakini desturi hubadilika, na kwa mtu wa cheo changu bila shaka maana yake ni nyingine. Nilipewa yote mawili. Wamae hakupata hata moja.